Kasa yule yule baada ya miaka saba: bwawa la watalii ni hospitali au gereza?

#1 MkaguziKisasa
Wakuu, mbukwenyi. Hili jambo linanikera tangu Desemba, acheni nilitoe.

Mwaka 2018, baada ya harusi, mimi na mama watoto tulikwenda Unguja. Kaskazini kule kuna mabwawa ya maji ya bahari yaliyozungukwa na miamba. Unalipa, unapewa konzi ya mwani, unashuka majini kuogelea na kasa. Jina la bwawa silitaji, sina kesi na mtu. Kulikuwa na kasa mmoja mkubwa, gamba lake nyuma kushoto limemeguka, pengo kama biskuti iliyong'atwa mara moja. Alikuja moja kwa moja akanigonga goti akitaka mwani. Wife alicheka mpaka akameza maji ya chumvi. Mwongozaji akatuambia hawa wamenaswa na nyavu za wavuvi, wameokolewa, wanatunzwa, kisha wanaachiwa warudi zao.

Desemba iliyopita tukapanda SGR na watoto wawili mpaka Dar, tukavuka na boti, tukaenda pale pale. Sijakaa majini dakika mbili, kitu kikanigonga goti. Nikatazama chini: pengo, nyuma, kushoto. Mwongozaji mpya, kijana tu, maelezo ni yale yale neno kwa neno. Nikamuuliza huyu mwenye pengo ana muda gani hapa. Akajibu bila kufikiri: "Miezi minane."

Mimi kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu. Nikikuta bakaa ile ile kwenye vitabu vya miaka miwili tofauti, silali. Je, ni yule yule? Na kama ni yule yule, ni haki kumweka mnyama wa bahari kwenye kidimbwi miaka saba ili watu wa Kisasa hapa Dodoma wapige picha?

#2 SupuYaPweza
Nimevuta kiti. Wajuvi wapite mbele.

#3 MzeeWaJamatini
Mtu wa Dodoma analilia kasa! Mbuzi wa mnada wa Msalato wao wamekukosea nini mkuu? Au kwa sababu hawajui kuogelea?

#4 Chang'ombe_Kwetu
Hao kobe si ndio wale wa kisiwa cha Prison? Nimewaona, wana zaidi ya miaka mia na wanaishi kwa raha zao. Sioni shida.

#5 BintiMakunduchi
@Chang'ombe_Kwetu hapana jamani. Wale wa Changuu (ndicho hicho kisiwa cha Prison) ni kobe, wanyama wa nchi kavu, asili yao Aldabra huko Shelisheli. Wanne wa kwanza waliletwa kama zawadi mwaka 1919. Ukimtupa mmoja baharini ataelea tu, hawezi kuogelea kama kasa. Kasa ni wa bahari, ana makasia badala ya miguu. Bara mkiona gamba tu mnasema kobe.

Sasa kwa mleta uzi. Mimi nipo Area D kikazi lakini kwetu ni kusini Unguja, naomba nimtetee mwenye bwawa kidogo. Zamani kasa akinaswa kwenye wavu alichinjwa, basi. Hakuna aliyempigia mtu simu. Leo mvuvi anajua kuna mahali akimpeleka yuko hai atapokewa. Na kuna kijana kijijini anayekata mwani, mwingine anauza madafu mlangoni, mwingine anakodisha miwani ya kuzamia. Kasa aliye hai amekuwa na thamani kuliko wa kwenye chungu. Na hicho chungu si salama: Machi 2024 huko Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Kwa hiyo msilione bwawa kwa jicho la huruma ya mtalii tu.

#6 MkaguziKisasa
Asante dada. Nimekuelewa. Lakini hujanijibu la miaka saba.

#7 Mwalimu_Chamwino
Nafundisha baiolojia, nitachangia kidogo kabla hatujamfunga mtu.

Pengo la nyuma. Kasa anaweza kupigwa na propela ya boti. Pigo likifika karibu na uti, sehemu ya nyuma hupooza au hewa hunasa chini ya gamba, basi makalio yanabaki yameelea juu na hawezi kuzama vizuri. Kasa wa hivyo ukimwachia, boti ya pili inammaliza. Huyo hukaa maisha yake yote, na hapo bwawa ni hospitali kweli. Swali kwako: alikuwa anaogelea sawasawa au nyuma imenyanyuka?

Halafu ukubwa. Kasa mdogo anayelishwa kila siku hawezi kukaa miaka saba bila kukua ukaona. Kama 2018 alikuwa ukubwa wa sinia na leo ni sinia lile lile, si yeye. Kama alikuwa mkubwa tayari, hapo ukuaji huwa umepungua sana na inawezekana kabisa ni yeye.

Ila ushahidi wa kweli hauko mgongoni, uko shavuni. Yale magamba madogo ya pembeni ya uso yamejipanga tofauti kwa kila kasa, ndiyo maana watafiti huwapiga picha za mashavu kuwatambua. Una picha?

#8 MkaguziKisasa
Picha zipo, za 2018 ziko kwenye simu ya zamani ya wife, kioo kimekufa. Nitapeleka kwa fundi. Kuhusu makalio, kusema ukweli sikuangalia. Nilikuwa naangalia goti langu.

#9 MrangiWaKondoa
Mnazunguka mbuyu. Jibu lipo kwenye maneno ya huyo kijana. Miezi minane si muda wa kasa, ni muda wa kijana kazini. Ameajiriwa miezi minane iliyopita, kamkuta, kwa hiyo kwake kasa alizaliwa siku hiyo.

Kisha piga hesabu wewe mkaguzi. Kasa anayejua kuja kugonga magoti ya wageni ni mtaji. Amezoea watu, anapiga picha vizuri. Ukimwachia yeye ubaki na wanaokimbilia kwenye kona, nani atalipa? Wanaachiwa wale wasioleta hela. Mwenye kovu anabaki kazini.

#10 SupuYaPweza
Yaani kasa ni mtumishi wa umma hajapata uhamisho. Miaka saba kituo kimoja.

#11 MzeeWaJamatini
@SupuYaPweza hahaha aandike barua kwa mwajiri wake.

#12 BintiMakunduchi
@MrangiWaKondoa unasema kama umekaa ofisini kwao. Kuna kasa huachiwa kweli, watu huenda ufukweni kushuhudia. Mimi nimewahi kusimama pale. Anaburuzwa mpaka penye maji, anasita kidogo, wimbi la kwanza linamgeuza upande, la pili anaondoka. Huoni tena kitu.

#13 MrangiWaKondoa
Sijakataa. Nimeuliza ni nani anayeachiwa na nani anayebaki. Na jambo lingine: mvuvi akijua kasa hai ana mnunuzi, unadhani atasubiri anaswe kwa bahati mbaya?

#14 Mwalimu_Chamwino
Hoja hiyo ina uzito, ila angalieni wenzetu wa Watamu, Kenya. Pale mvuvi akimnasa kasa kwa bahati mbaya anapiga simu, anapewa fidia ndogo ya usumbufu, kasa anachunguzwa na kuachiwa, mgonjwa anapelekwa kwenye matangi ya matibabu. Mgeni anaruhusiwa kutazama na kusikiliza maelezo. Haingii majini kumshika shingo. Kwa hiyo fidia peke yake si ubaya, ubaya unaanza pale mgonjwa anapogeuzwa kuwa burudani.

#15 MamaMajengo_Biashara
Mimi niwape ya Dubai. Nafuata mzigo kule mara mbili tatu kwa mwaka, safari moja nikampeleka mwanangu kwenye onyesho la pomboo. Wanaruka, wanapiga mpira kwa pua, wanacheza na mkia. Watu wanashangilia na mimi nashangilia. Onyesho likaisha, watu wakatoka, mtoto akataka kurudi kuchukua kofia yake. Tukawakuta pomboo wawili wanaelea tu, hawaendi popote, pua ukutani. Kama ng'ombe anayesubiri kufunguliwa asubuhi. Mtoto akasema "mama, wamechoka lakini wanatabasamu."

#16 Mwalimu_Chamwino
Hawatabasamu mama. Taya la pomboo ndivyo lilivyo. Akiwa mgonjwa anatabasamu, akifa anatabasamu. Biashara nzima ya maonyesho imejengwa juu ya umbo la taya.

#17 MamaMajengo_Biashara
Mwalimu umeniharibia hata hiyo kumbukumbu. Nashukuru lakini.

#18 Kijana_wa_UDOM
Hapo bado hamjafika kwa nyangumi muuaji. Kuna yule dume Tilikum, alikamatwa karibu na Iceland mwaka 1983 akiwa mtoto wa miaka kama miwili, akaishi kwenye matangi zaidi ya miaka 30, na mwaka 2010 akamuua mkufunzi wake huko Orlando mbele ya watu. Alikufa Januari 2017. Nyangumi wakubwa hivyo kuwafungia ni wazimu.

#19 Mwalimu_Chamwino
Sahihisho dogo: pamoja na jina, huyo yuko kwenye familia ya pomboo, ni pomboo mkubwa kuliko wote. Ila hoja yako inabaki. Na baada ya kelele za watu, Machi 2016 kampuni ya SeaWorld iliyokuwa inammiliki ilitangaza kuacha kuwazalisha. India ilikataa mabwawa ya maonyesho ya pomboo mwaka 2013, Kanada ikapitisha sheria yake mwaka 2019.

#20 Chang'ombe_Kwetu
Lakini wakiachiwa si wanakufa tu? Yule wa kwenye filamu ya miaka ya tisini walimrudisha baharini akafa ndani ya wiki moja. Aliyezoea kulishwa ni aliyezoea kulishwa.

#21 Kijana_wa_UDOM
@Chang'ombe_Kwetu wiki moja umeitoa wapi? Huyo anaitwa Keiko. Alirudishwa kwenye maji ya Iceland mwaka 1998, kwanza kwenye zizi la nyavu baharini, baadaye akawa anatolewa nje, mwaka 2002 akaogelea mwenyewe mpaka Norway, akafa Desemba 2003 kwa nimonia. Miaka mitano hiyo. Kweli hakujiunga na kundi la wenzake na aliendelea kufuata watu, kwa hiyo kila upande unamtumia kama ushahidi wake. Wengine wanasema alishindwa, wengine wanasema alikufa akiwa baharini na si kwenye tangi.

Kinachonichekesha ni alipokuwa kabla. Kwa karibu miaka 11 aliishi Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwenye maji ya moto kuliko anayostahili yaliyotiwa chumvi, mpaka ngozi ikaota vinyama. Mnyama wa bahari ya barafu, mlimani.

#22 MdauWaMtumba
Sasa hapo umenigusa. Mimi nasema Dodoma tunahitaji akwaria kubwa ya taifa. Mji mkuu hauna kivutio cha familia Jumamosi. Mtoto wa Bahi au Mpwapwa anaweza kumaliza shule hajaona pweza. Atlanta kule Marekani iko mbali na bahari kama sisi na wana papa potwe kwenye tangi!

#23 SupuYaPweza
Pweza tunamwona, yuko kwenye sufuria.

#24 MzeeWaJamatini
Maji ya kunywa yanatoka kwa ratiba, wewe unataka ya papa.

#25 Kijana_wa_UDOM
@MdauWaMtumba hao papa potwe wa Atlanta walisafirishwa kwa ndege kutoka Taiwan, na wawili wa kwanza walikufa mwaka 2007. Huyo ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Na sisi tunaye wetu Mafia, kwenye msimu wake kuanzia Oktoba anakuja karibu na ufukwe mwenyewe kula vijidudu vya majini. Nauli ya kwenda kumtazama ni ndogo kuliko saruji ya tangi lako.

#26 FunditangiDom
Nimesoma kimya kimya, hapa sasa nizungumze maana ndiyo kazi yangu. Mimi ndiye ninayehudumia tangi la samaki wa maji ya chumvi kwenye hoteli moja hapa mjini. Lita 900. Hoteli siitaji, bado nakula pale.

Mnadhani ni kumwaga chumvi ya mezani. Chumvi yake maalumu inatoka Dar kwa ndoo. Maji ya bomba ya hapa ni magumu, mnaona wenyewe sufuria zinavyopiga ukoko mweupe, kwa hiyo kwanza nayachuja mpaka yawe kama ya mvua, halafu narudisha chumvi gramu 35 kwa lita, nakoroga usiku kucha, asubuhi napima. Chumvi ikipanda kidogo naongeza maji, ikishuka naongeza chumvi. Julai ule upepo wa usiku unashusha joto, hita mbili haziridhishi.

Na umeme. Siku moja mwaka juzi umeme ulikatika saa tano usiku, mlinzi alikuwa na ufunguo wa jenereta lakini aliambiwa mafuta ni ya sherehe ya Jumamosi. Nilipigiwa saa kumi na moja alfajiri. Nilikuta samaki wote wako juu, midomo nje ya maji, wanapumua kama watu wenye pumu. Pampu ikizima, hewa kwenye maji inaisha. Nilichota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu, nachota namwaga, mpaka saa mbili mkono haukuwa wangu. Wanne walikufa. Asubuhi meneja aliniuliza kitu kimoja tu: lini nitaleta wengine, kuna kikao cha wageni Jumatatu.

Wale wadogo wa chungwa wenye mistari myeupe huzalishwa kwenye matangi siku hizi, hao sina neno. Lakini samaki wengi wengine wa mapambo wa baharini wametolewa kwenye miamba kwa mkono wa mtu. Ninaye kangaja mmoja wa buluu. Anafuata kioo cha mbele kutoka kushoto kwenda kulia, anageuka, anarudi. Siku nzima. Watoto wanafikiri anawafuata wao. Nimehamisha mawe mara tatu nikidhani atabadili njia. Amebadili kwa siku mbili.

Kwa hiyo mdau wa Mtumba, mimi ningepata kazi kubwa kwenye hiyo akwaria yako. Lakini sikushauri.

#27 MamaMajengo_Biashara
Pole fundi. Hao wanne wameniuma kuliko pomboo wa Dubai.

#28 MdauWaMtumba
Fundi nakuheshimu lakini hoja yako ni ya jenereta, si ya maadili. Weka umeme wa jua na betri, tatizo limekwisha.

#29 FunditangiDom
Betri ipo sasa. Kangaja bado anafuata kioo.

#30 ChigogoHalisi
Mbukwa wote. Mimi mfugaji, naongea kifugaji. Ng'ombe wangu wanalala zizini usiku, asubuhi wanatoka, jioni wanarudi wenyewe, hata mchungaji akilala mtini. Zizi lina mlango. Sasa hilo bwawa la kasa lina mlango? Kama maji ya bahari yanaingia na kutoka, acheni uwazi siku moja muone nani atarudi. Atakayerudi ni wenu.

Halafu nchi yetu hii mzungu anavuka bahari kuja kuona simba anayetembea mwenyewe Ruaha na Serengeti. Hakuna anayelipa hela ile kuona simba kwenye banda. Tukifika baharini tunageuza, tunaweka banda. Kwa nini? Au kwa sababu wa majini hawapigi kelele?

#31 BintiMakunduchi
Babu hoja nzuri ya mlango, lakini usidhani "anatembea mwenyewe" kunaondoa dhambi. Njoo Kizimkazi. Pomboo pale wako huru, hakuna ukuta. Mjomba wangu ni nahodha. Zamani pomboo walivuliwa kuwa chambo cha papa, utalii ulipoingia miaka ya tisini ndio wakaachwa. Shukrani zote kwa utalii. Lakini siku ya msimu boti kumi, kumi na tano zinazunguka kundi moja lenye watoto, injini zinanguruma, wageni wanarushwa majini mbele ya pua zao. Pomboo wanazama, boti zinakimbia kule watakakoibukia. Mjomba anajua si vizuri. Anasema nikisimama mbali kama kanuni inavyotaka, mgeni ananipa nyota moja na kesho anapanda boti ya jirani. Aliye kwenye bwawa angalau hakimbizwi.

#32 MrangiWaKondoa
Kwa hiyo uchaguzi wa mnyama ni kufungwa au kufukuzwa. Hongera sana utalii.

#33 Mwalimu_Chamwino
Kuna cha tatu. Mafia na maeneo mengine ya pwani kuna wanakijiji wanaolinda viota vya kasa. Vikikaribia kuanguliwa mgeni anaitwa, anakaa pembeni kwenye mchanga, anatazama vitoto vinavyotambaa kwenda majini. Dakika chache, hakuna kushika, anachangia hela. Ila huwezi kumpangia kasa saa, na mgeni wa siku moja hana subira. Hapo ndipo bwawa linaposhinda.

#34 Mwanasheria_Ipagala
Jamani si kuna sheria? Kasa analindwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009, na tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Mleta uzi aandike malalamiko wizarani hapa hapa Dodoma, ni mwendo wa bajaji.

#35 BintiMakunduchi
Mwanasheria, uvuvi si jambo la Muungano. Hizo ni za Bara. Zanzibar ina sheria yake ya uvuvi na wizara yake. Bajaji yako itahitaji boti.

#36 Mwanasheria_Ipagala
Nakubali, nilikurupuka. Nimekula chumvi ya fundi.

#37 Chang'ombe_Kwetu
Bado nauliza: kasa mwenyewe anajua kama amefungwa? Analishwa, hakuna papa, hakuna wavu. Mimi ukinipa chakula na ulinzi miaka saba sitauliza mlango uko wapi.

#38 SupuYaPweza
Wewe kweli huulizi, tumekuona kwa shemeji yako.

#39 Kijana_wa_UDOM
@Chang'ombe_Kwetu kasa jike huchukua zaidi ya miaka 20 kukomaa, kisha husafiri mamia ya kilomita, hata zaidi, kurudi eneo la fukwe alikozaliwa ili atage. Kitu chenye ramani ya namna hiyo kichwani hakiwezi kutojua ukuta. Na @SupuYaPweza, jina lako lina deni: mwaka 2016 New Zealand pweza mmoja wa maonyesho, Inky, alitoka kwenye tangi usiku kupitia upenyo wa kifuniko, akavuka sakafu, akaingia bomba la maji machafu linaloelekea baharini. Hakuonekana tena. Yeye ameshajibu swali la mlango.

#40 SupuYaPweza
Huyo angepita soko la samaki la Feri asingefika baharini. Lakini nimekubali, leo nakunywa ya makongoro.

#41 FunditangiDom
Nirudi kwa kasa wa mleta uzi, nimekumbuka kitu. Viumbe wakibanwa pamoja, saa ya chakula wanang'atana. Kasa naye hung'ata, na aliye mbele kwenye mwani anang'atwa nyuma. Kwenye bwawa lenye msongamano utakuta mapengo ya nyuma kwa zaidi ya mmoja. Inawezekana umeona kasa wawili tofauti wenye kidonda kimoja. Sijui kama hiyo ni habari njema.

#42 MrangiWaKondoa
Aisee. Hiyo ni mbaya kuliko yangu.

#43 BintiMakunduchi
Au ni wa propela kama alivyosema mwalimu, na yuko pale kwa sababu hana pa kwenda. Nimempigia binamu yangu anayefanya kazi upande ule. Anasema "mwenye pengo" anamjua, ila hajui wa lini. Anasema aliitwa jina hilo kabla yeye hajafika.

#44 MkaguziKisasa
Wakuu nimerudi, simu imefufuka. Fundi wa Jamatini kanila elfu arobaini.

Nimefungua picha. Ya 2018 ipo safi kabisa: kasa, mwani, goti langu, kidole cha wife kwenye kona. Uso unaonekana, magamba ya shavu unaweza kuyahesabu. Ya Desemba aliyopiga mwanangu nayo ni safi. Nimeziweka pamoja mezani, nikachukua kalamu kama nakagua hati.

2018 ni shavu la kulia. Desemba ni la kushoto.

Mwalimu, yanafanana mashavu ya kasa? Kulia na kushoto?

#45 Mwalimu_Chamwino
Hapana. Kila shavu lina mpangilio wake. Huwezi kulinganisha la kulia na la kushoto. Pole sana.

#46 MzeeWaJamatini
Mkaguzi, hati yenye mashaka hiyo.

#47 MkaguziKisasa
Gamba nimelipima kwa kulinganisha na goti langu. Linakaribia kuwa sawa, ila goti la 2018 lilikuwa la kijana. Kuna mtu wa huku anavuka Pasaka? Naomba shavu la kulia. Na aangalie kama makalio yanaelea.

#48 MamaMajengo_Biashara
Mimi naenda Aprili kuchukua vitenge. Nitapita. Lakini siingii majini, nitapiga kutoka juu ya jiwe.

#49 BintiMakunduchi
Kutoka juu hupati shavu dada. Itabidi umwite kwa mwani.

#50 MamaMajengo_Biashara
Basi na mimi nitakuwa nimelipa tiketi.

#51 FunditangiDom
Samahanini, umeme umekatika huku. Natoka.